Kauli Yake Kwanza: Adabu ya Kuisoma Kazi ya Mwenzako

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vijana baada ya sala ya tarawehe. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Ndugu zangu, dada zangu, na wazazi wetu mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto nyumbani. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Nimeombwa niseme machache juu ya vijana na uandishi. Lakini juu ya kuandika kwenyewe wameshasema wengi. Mimi nataka tuzungumze juu ya yule anayesoma. Mwenzako amekuletea karatasi yake, akakwambia, "Hebu nisomee, kisha uniambie maoni yako." Wewe unamwambia nini?

Hili si jambo dogo. Mtu akikupa kazi yake uisome amekupa amana. Amekaa nayo usiku, amefuta, ameandika upya, na sasa moyo wake uko mkononi mwako kama kikombe cha chai ya moto. Wapo vijana wengi katika madrasa zetu, shule zetu na vyuo vyetu ambao waliandika mara moja tu maishani, wakaipeleka kwa wenzao, na neno walilojibiwa siku ile likawa ndilo lililoifunga kalamu yao. Na wapo wengine ambao neno moja tu liliwafungulia mlango. Basi tulitazame jambo hili vizuri.

Maradhi matatu

Ukichunguza namna tunavyojibu kazi za wenzetu, utakuta maradhi matatu yanajirudia.

La kwanza ni maradhi ya "Mashallah, nzuri sana." Usinielewe vibaya. Kusema mashallah ni jambo jema, na kumsifu mwenzako kwa haki ni jambo jema. Tatizo ni kwamba maneno haya mara nyingi tunayasema kabla hata hatujafika katikati ya ukurasa. Ni sawa na mtu anayekaribishwa chakula, akasema "kitamu" na kijiko bado hakijagusa mdomo. Mpishi si mjinga, anajua. Halafu wazee wetu walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyokuwa na sababu haimsaidii mwandishi kujua alichokifanya vizuri ili akirudie.

La pili ni maradhi ya kalamu nyekundu. Huyu hajali unasema nini, anawinda makosa tu. Hapa umekosea ngeli, pale umesahau nukta, huku umeandika "r" badala ya "l". Akimaliza, karatasi imejaa duara na mistari, lakini juu ya jambo ulilolisema hakuna neno hata moja. Ni kama mtu amekuja kwako analia kwamba nyumba yake inaungua, wewe ukamwambia, "Kaka, hujafunga kifungo cha shati."

La tatu ndilo baya zaidi, nalo ni kejeli. Tunaijua vizuri sana sisi vijana. Mwenzetu wa bara anachekwa kwa Kiswahili chake. Mwenzetu wa Lamu au wa Pate anachekwa kwa lahaja yake. Mwenzetu wa kijijini anachekwa kwa Kiingereza chake. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza watu wasiwadharau wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda anayechekwa akawa bora kuliko anayecheka. Tunaisoma sura hii, tena wengine tumeihifadhi. Kisha tukipewa karatasi ya mwenzetu tunaisahau.

Sasa angalia jambo moja. Maradhi haya matatu yanaonekana tofauti, lakini mzizi wake ni mmoja. Anayesifu ovyo, anayewinda makosa na anayekejeli, wote watatu hawajasoma. Kila mmoja amepata njia ya kujibu bila kuingia ndani ya kazi ya mwenzake.

Karatasi ya mwenzetu wa Wajir

Nitawapa mfano. Chuoni kwetu kuna somo la uandishi ambalo mhadhiri alitugawa katika makundi ya watu watano watano. Kila wiki kila mtu anaandika ukurasa mmoja, karatasi zinazungushwa, na kila anayesoma anaandika maoni yake chini. Katika kundi lililokaa karibu na letu alikuwemo kijana wa Wajir. Ameniruhusu nisimulie haya bila kumtaja jina.

Aliandika juu ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, pale mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo kaskazini mwa nchi yetu. Aliandika jinsi kisima kilivyokauka, jinsi mbuzi walivyokufa mmoja mmoja, na jinsi baba yake alivyowapeleka sokoni ng'ombe wawili wa mwisho, wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Akamalizia hapo. Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, baada ya Kisomali na Kiarabu cha madrasa, kwa hivyo mlikuwa na "maji ilikauka" na "mbuzi hizi" kadhaa.

Karatasi ikazunguka. Wa kwanza akaandika: "Mashallah, nzuri sana, endelea hivyo hivyo." Wa pili akazungushia duara "maji ilikauka" na "mbuzi hizi" zote, asiandike kingine. Wa tatu akaandika mzaha juu ya Kiswahili kilichopanda lori kutoka Wajir. Watu wakacheka, na mwenyewe akacheka nao, kama afanyavyo mtu ambaye hana la kufanya.

Wa nne alikuwa dada mmoja mtulivu. Yeye aliandika hivi: "Umesema baba aliwapeleka sokoni ng'ombe wawili wa mwisho. Hapo nilisimama nikasoma tena. Lakini hukutuambia alirudi nyumbani na nini. Alinunua nini?"

Basi, ni hayo tu. Maneno machache, tena hayana sifa kubwa.

Wiki iliyofuata yule kijana alileta ukurasa mwingine. Bei za mifugo zilikuwa zimeanguka, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyetaka ng'ombe mgonjwa. Wale wawili walitoa gunia moja la mahindi na sanduku la bati. Sanduku hilo, akaandika, ndilo liko chini ya kitanda changu hosteli, naweka vitabu vyangu ndani yake, na kila nikilifungua nawaona wale ng'ombe.

Darasa lilinyamaza. Hata yule wa mzaha alinyamaza. Kisha kijana wetu akamgeukia yule wa kalamu nyekundu na kumwomba amsaidie kuzirekebisha ngeli, maana sasa alikuwa na jambo alilotaka lisomeke vizuri.

Mnaona mpangilio wake? Marekebisho ya ngeli hayakuwa mabaya. Yalikuja tu kabla ya wakati wake. Kwanza mtu asikilizwe anasema nini, baadaye tumsaidie namna ya kukisema.

Wanavyuoni walivyofanya

Huenda mtu akasema, "Aa, haya ni mambo ya kisasa ya wahadhiri." La. Sisi watoto wa madrasa tunayo haya tangu zamani, ila hatujayaangalia kwa jicho hili.

Kumbuka vitabu vya zamani tulivyowaona masheikh zetu wakivisomesha. Katikati ya ukurasa kuna matini, yaani maneno ya mwandishi wa asili. Kuna sharhi, yaani ufafanuzi wa mwanachuoni aliyekuja baadaye. Na pembezoni kuna hashiya, yaani maelezo ya mwanachuoni wa tatu juu ya wale wawili. Chukua Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Jalaluddin al-Mahalli akaiandikia sharhi, kisha Qalyubi na Umayra wakaiandikia hashiya ile sharhi. Hata Safinatun Naja, kitabu kidogo ambacho wengi wetu tulianza nacho, kimeandikiwa sharhi. Maktaba nzima imejengwa na watu waliosoma kazi za wenzao na kusema neno juu yake!

Sasa tazama mwenye hashiya anaanzaje. Anaandika neno moja, "qauluhu," yaani "kauli yake." Halafu ananukuu maneno yenyewe ya mwandishi, mawili au matatu, ndipo anaposema la kwake. Anaweza kufafanua, anaweza kuongeza, anaweza hata kupinga. Lakini huanza na kauli ya mwenzake. Msomaji anajua moja kwa moja ni neno gani linalozungumzwa, na mwandishi, lau angekuwa hai, angejua kwamba amesomwa.

Yule dada alifanya nini? Alifanya qauluhu. "Umesema baba aliwapeleka sokoni ng'ombe wawili wa mwisho." Kauli yake kwanza, kisha swali lake. Ukijilazimisha kuanza hivyo, yale maradhi matatu yanapungua yenyewe, kwa sababu huwezi kuinukuu kauli usiyoisoma.

Tena kuna Tafsir al-Jalalayn, tafsiri ya Majalali wawili. Al-Mahalli aliandika kuanzia Suratul Kahf mpaka mwisho wa msahafu, pamoja na Al-Fatiha, kisha akafariki mwaka 1459. Akaja Jalaluddin as-Suyuti, mdogo sana kwake kwa umri, akaikamilisha sehemu iliyobaki. Suyuti alikuwa na elimu pana na vitabu vingi vya kwake mwenyewe. Lakini hapa alifuata mwendo wa mwenzake, kwa ufupi ule ule, mpaka mtu akisoma hahisi kwamba ametoka katika mkono mmoja na kuingia mwingine. Tunajifunza nini? Ukimsaidia mwenzako, isaidie kazi yake iwe kazi yake. Usiigeuze iwe vile ambavyo wewe ungeandika.

Swali la Hubab

Kwa kuwa tuko Ramadhan, tuikumbuke pia Badr, vita vilivyopiganwa tarehe 17 ya mwezi huu, mwaka wa 2 wa Hijra. Waandishi wa sira, akiwemo Ibn Is-haq, wanasimulia kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, aliliteremsha jeshi lake mahali fulani. Sahaba mmoja, Hubab bin al-Mundhir, akamwendea. Hakuanza kwa kusema, "Mahali hapa hapafai." Aliuliza kwanza: Je, mahali hapa umeamrishwa na Mwenyezi Mungu, tusisogee mbele wala nyuma, au ni rai na mbinu ya vita? Alipojibiwa kwamba ni rai, ndipo akatoa lake. Twende mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na maadui, tuvifukie vilivyobaki, na tujenge birika tulijaze maji, ili sisi tunywe na wao wasipate. Mtume akaikubali rai yake.

Yachukue mambo matatu kutoka kwa Hubab. Aliuliza kabla ya kuhukumu. Alitoa sababu. Na alipendekeza cha kufanya, hakuishia katika kulaumu. Mwenye kusema "hii mbaya" kisha akaondoka amemwacha mwenzake jangwani bila kisima.

Na washairi wetu

Waswahili nao wana adabu yao katika jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati ambapo miji hiyo miwili ilikuwa inagombana. Mpaka katika miaka yetu hii washairi wamekuwa wakijibizana magazetini na redioni. Desturi ya kujibizana ni kwamba anayejibu hushika bahari ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia. Fikiria ugumu wake! Huwezi kushika mizani na vina vya mtu bila kuyasoma mashairi yake ubeti kwa ubeti. Hata anayekuja kukupinga ni lazima kwanza atembee kwa hatua zako. Hiyo ni heshima, hata kama ndani yake mna mishale.

Basi tufanyeje?

Nitayaweka kwa ufupi ili uyabandike ukutani ukitaka.

1. Soma mara mbili. Mara ya kwanza weka kalamu chini kabisa, usome kama msomaji. Mara ya pili ndipo uishike.

2. Anza na kauli yake. Chagua sentensi moja iliyokusimamisha, iliyokufurahisha au iliyokutatiza, uiandike kama ilivyo.

3. Sema ilikufanya nini na kwa nini. Kama ni sifa, itaje sababu. "Nzuri" haisaidii. "Hapa uliposema mbavu zinahesabika niliwaona wale ng'ombe" inasaidia.

4. Uliza swali la kweli, yaani swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. "Kwani hujui ngeli?" si swali, ni kofi.

5. Pendekeza jambo moja au mawili, si kumi na saba. Mtu akipewa mizigo kumi na saba ataiacha yote njiani.

6. Makosa ya lugha yaje mwisho. Kama kosa moja linajirudia, litaje mara moja na umweleze kanuni yake.

7. Zungumzia karatasi, usimzungumzie mtu. Katika vikundi vyetu ndugu na dada husomeana kazi, na adabu ni hiyo hiyo: neno lako liishie kwenye kazi.

8. Lile la kumvunjia heshima mbele za watu, mwambie faraghani. Nasaha ya hadharani mara nyingi hugeuka fedheha.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa lifichwe kwa jina la upole. Mwenzako akiandika lisilo kweli, mwambie. Akinukuu hadithi bila kutaja imepokewa na nani, muulize ameitoa wapi. Akimsingizia mtu au kabila, usimpitishe. Mwenyezi Mungu alipowatuma Musa na Haruna kwa Firauni aliwaamrisha waseme naye kwa maneno laini, lakini hakuwaambia wasiufikishe ujumbe. Ulaini ni wa ulimi, na ukweli unabaki pale pale.

Na wewe uliyeandika

Upande wa pili nitausemea machache. Ukipewa maoni, usikimbilie kujitetea. Sema shukran, chukua karatasi yako, kalale. Asubuhi isome tena. Huenda ukaona kwamba mwenzako amesema kweli, na huenda ukaona kwamba hakukuelewa. Hata hilo lina faida, kwa maana aghalabu pale asipoelewa msomaji makini ndipo palipo na giza katika maandishi yako. Si lazima uyakubali yote. Kazi ni yako, na utaulizwa wewe.

Wala usione aibu kuandika upya. Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu yake, aliiandika Risala yake, kisha alipohamia Misri akaiandika upya. Hiyo ya pili ndiyo iliyotufikia. Yeye ni imamu, na aliandika mara mbili. Mimi na wewe tunaona uzito gani?

Kazi ya mwezi huu

Tunajua kwamba kila Ramadhan Jibril alikuwa akija kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, wakidurusu Qur'ani pamoja, na katika mwaka wa mwisho wa maisha yake walidurusu mara mbili. Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, hayalinganishwi na insha zetu. Lakini ile adabu ya wawili kukaa, mmoja asome na mwenzake asikilize kwa makini, tunaweza kuichukua. Hata tukisomeana juzuu misikitini tunaifanya: ukiteleza kwenye aya, mwenzako anakukumbusha kwa sauti ya chini, nawe unaendelea.

Kwa hivyo nakupa kazi, ndugu msomaji. Kabla ya Idi, mtafute mtu mmoja anayeandika. Huenda ni mdogo wako anayeandika insha ya shule. Huenda ni jirani anayetunga kaswida. Huenda ni mwenzako darasani ambaye hakuna anayesoma kazi yake, kwa sababu Kiswahili chake kinachekesha. Mwambie, "Nipe nisome." Isome mara mbili, kisha umwandikie sentensi tatu tu: moja ya kauli yake, moja ya namna ilivyokugusa, na moja ya swali.

Nanyi wazazi, mtoto akikuletea daftari usiku umechoka, usimwambie "vizuri" na macho yako yako kwenye simu. Mwambie akusomee mstari mmoja anaoupenda, kisha umuulize kwa nini anaupenda. Dakika tano zinatosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kusikiliza kabla ya kusema. Atukubalie funga zetu na sala zetu, awaondolee dhiki ndugu zetu wa maeneo ya ukame, na aibariki kila kalamu inayoandika la kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.